Punda yuwaumia, hamuoni? Kisa cha kikundi chetu Lamu

Nataka kukiandika hiki kisa chote, toka mwanzo mpaka pale kilipofika, manake watu wamekua wakiniuliza vipande vipande na kila mmoja ana yake aliyosikia, mara ati tulileta punda akamponya mtu, mara ati punda alimpiga bi mkubwa teke, na yote mawili si kweli. Majina siweki, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha makusudi, manake mji wetu mnaujua, kwenye ujia punda wawili wakikutana na mizigo lazima mmoja arudi nyuma, sasa siri ya mtu utaipitishia wapi.

Kwanza kikundi chenyewe, ni cha kukaa na kuzungumza na watu waliolemewa moyoni na akilini. Sisi ni volontia wanne, hakuna daktari kati yetu, ni dada mmoja tu ndo amesomea ukaunsela na hata yeye ana kazi yake nyengine, kwetu huja bure kama sisi. Wanaokuja ni kumi, kumi na wawili, siku nyengine watano. Twakutana kila Alhamisi baada ya alasiri, uani kwenye nyumba moja ya kale huko mtaa wa Langoni, mwenyewe ametuachia bila kodi, mikeka mitatu, chupa ya chai ya tangawizi na sahani ya tende. Anayetaka kuzungumza azungumza, asiyetaka anakunywa chai yake na hakuna anayemsukuma. Sheria zetu ni chache: kinachosemwa uani kinabaki uani, hakuna kumwita mtu mwendawazimu, hakuna kumwambia mtu aache dawa za hospitali, na hakuna kumwambia mtu aache kisomo wala kombe lake, yaani kusomewa Kurani na kunywa maji ya aya zake. Hii ya mwisho kuna waliotulaumu kwayo lakini mimi naishikilia kabisa, manake karibu kila aliyekuja kwetu alipita kwanza kwa shekhe akasomewa au kwa mganga akaambiwa ana pepo, na ukimlazimisha achague baina ya watu wake na wewe, atawachagua watu wake, na ana haki.

Mtu akitamka kwamba amechoka kuishi, hilo hatukai nalo wenyewe, mmoja wetu huondoka naye siku ile ile mpaka hospitali. Na hapa kuna kitu kinaniuma. Kwa miaka na miaka kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa ni mkosaji wa kushtakiwa, na ni Januari 2025 ndo Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Hukumu imetoka lakini hofu bado iko majumbani. Mama mmoja alikuja kwetu mara tatu bila kutaja jina lake, mara ya tatu akaninong'oneza, "Mwanangu, ukiniandika hapo, askari watasoma?" Kuanzia siku ile daftari langu lina tarehe na idadi tu, majina hakuna.

Sasa hili jambo la wanyama lilivyoanza. Yule dada kaunsela alikua ameona kwenye simu video za mbwa wakipelekwa mahospitalini huko nje kukaa na wagonjwa, akawa na hamu sana, akatusomea na historia yake. Ati Marekani kulikua na mwanasaikolojia wa watoto, Boris Levinson, siku moja mtoto akaletwa kabla ya saa yake, mtoto ambaye hakua akizungumza na watu, na mbwa wa Levinson, aliyeitwa Jingles, alikua bado yumo ofisini. Mbwa akamwendea mtoto akamramba na mtoto akamkubali, na Levinson akawa na akili ya kuwaacha na kutazama. Mwaka 1961 akawaeleza wenzake, wapo waliomcheka, lakini hapo ndo watu wengi wanapoanzia kuhesabu hii kazi. Kabla yake pia kulikuako, 1796 huko York, Uingereza, Quaker, dhehebu moja la Wakristo, walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili wakati ambapo kwengine walikua wakifungwa minyororo, na uani kwao wakafuga sungura na kuku ili wagonjwa wawe na cha kutunza. Hiyo ya York ilinikaa zaidi kuliko ya mbwa, sikujua kwa nini wakati ule.

Mbwa alianguka dakika ya kwanza. Tulilileta wazo mbele ya kikundi na bi mkubwa mmoja akamtazama dada kwa upole kabisa akamwambia, "Mwanangu, mie nimekuja hapa na udhu wangu, magharibi yaniita, sasa wataka nitoke hapa nende nikaoshe mara saba, na moja iwe ya mchanga?" Mambo yakaishia hapo. Asiyetujua atadhani ni chuki, si chuki, kwa madhehebu ya Shafii ambayo ndo yetu hapa pwani mate ya mbwa ni najisi nzito na kujitahirisha kwake ndo huko, mara saba, moja kati yake kwa udongo. Mtu mwenye wasiwasi, ambaye tayari anaosha mikono mpaka ngozi inachubuka, na tunaye mmoja wa hivyo, ukimletea mbwa hujamsaidia, umemwongezea mzigo wa kwenda nao nyumbani usiku.

Wa pili wakawa paka, na hao wala hatukuwaleta, wapo. Paka ni tahiri, imekuja kwenye hadithi kwamba ni katika wanaotuzungukia majumbani, na Lamu kweli wametuzunguka. Wawili watatu wakawa wanaingia uani wanalala juu ya mkeka, na kwa wiki kama tatu tukafurahi. Alafu mmoja akamparura msichana mkononi, damu ikatoka, na sisi wanne tukabaki tunatazamana. Hakuna aliyejua afanye nini. Nayaandika haya kwa yeyote anayefikiria kuleta mnyama kwenye kikundi: jeraha la kuumwa au kuparurwa na mnyama usiyemjua linaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, alafu hospitali kuulizia chanjo, manake kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yake, na kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba. Sisi tulimfunga kitambaa. Alhamdulillahi hakikutokea kitu, lakini hiyo ilikua bahati, na bahati si mpango. Paka tukaacha kuwapa samaki, wakahama wenyewe.

Aliyesema punda ni yule yule bi mkubwa wa udhu. "Kwani punda ana nini?" Watu wakacheka. Punda kwetu ni jina la kumtukania mtu, na shukrani zake ni mateke, kila mtu amelelewa na hilo. Lakini pia Waamu ndo wanaosema asiye na punda ni yeye punda, na nyumba zote tunazojivunia, na boriti zake na mawe yake ya matumbawe, zilipanda kwa migongo ya punda. Hakuna mgeni pale. Kila mmoja kwenye ule mkeka ana punda wa utotoni. Nikaona wazo ni zuri na nikaliunga mkono kwa nguvu zote, na niseme wazi kwamba mimi ndo niliyekwenda kumtafuta mchukuzi.

Nilimpata kijana mmoja, hajafika miaka 25, ana punda jike wa rangi ya kashata na jina lake ndo hilo hilo, Kashata. Mpole, mimi mwenyewe nilimpima kwa kumgusa masikio na kumwinua mguu, akasimama kama ukuta. Nikamwambia kijana atuletee Alhamisi alasiri, tutamchangia chochote. Sikumuuliza asubuhi yake Kashata atakua wapi. Alikua akibeba simiti.

Siku yenyewe. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kwato zikilia kwenye sakafu ya chokaa, watu wakasogea kumpa nafasi na yeye akaenda kusimama chini ya mwarobaini, matandiko yake bado mgongoni, magunia mawili yamekunjwa yakafungwa kwa kamba ya nailoni. Akasimama tu, hakurusha mkia, hakutikisa kichwa. Wakaanza kumpapasa, kwanza wanaume, alafu yule mama aliyeogopa askari akamkumbatia shingo, akaweka shavu lake pale kwenye manyoya na akakaa hivyo muda mrefu sana, hakuna aliyemsemesha. Na mimi nikatoa daftari nikaandika tarehe, watu kumi na mmoja, na maneno haya ninayo mpaka leo kwa mkono wangu: punda mtulivu sana.

Kwenye pembe, karibu na birika la maji, alikaa mtu ambaye hapa nitamwita Ami, manake ndivyo tunavyomwita wote. Mvuvi, umri wake umepita 60, mwanawe alikwenda baharini hakurudi. Ami alikua ameletwa na dadake na alikua na miezi minne na sisi, na katika miezi hiyo minne alikua amesema salamu, ahsante kwa chai, na "inshallah" tukimwambia karibu tena wiki ijayo. Kila Alhamisi dada kaunsela alimuuliza kwa adabu anajisikiaje, na kila Alhamisi alijibu, "Alhamdulillahi."

Akainuka. Akapita katikati ya watu, akamtoa yule mama kwa mkono taratibu kama unavyomhamisha mtoto, akashika ncha ya gunia kwa vidole viwili akaliinua. Chini yake, pale mgongo unapopanda kwenye mabega, kulikua na kidonda cha upana wa kiganja, kando zake nyeusi ngumu, katikati kibichi kinang'aa maji maji, na nyuzi za gunia zimeshikana nacho, akiliinua ngozi inavutika. Harufu ikatoka. Ami akageuka akatutazama sisi wote, na nilikua sijawahi kuyaona macho yake hivyo, akasema, "Punda yuwaumia, hamuoni? Mwampapasa na yuwaumia!"

Uani kukawa kimya. Alikua amekasirika kweli kweli, mikono inamtetemeka.

Nimekuja kuelewa baadae kitu ambacho Ami alikijua toka utotoni. Punda huficha maumivu. Farasi akiumia utajua, atatoa jasho, atahangaika, lakini punda husimama, akiogopa pia husimama, akizidiwa husimama zaidi. Ule utulivu niliouandika kwenye daftari haukua utulivu. Masikio yake yalikua yamelala pembeni na nyuma kidogo, macho nusu, mguu mmoja wa nyuma anaupumzisha anaubadilisha, zote hizi zilikua mbele yetu na watu kumi na mmoja hatukuzisoma, na sisi ndo watu ambao kazi yetu ya Alhamisi ni kutazama nani anaumia bila kusema.

Kijana alipatwa na haya mpaka akawa mkali. "Ami, mie si mwenye punda. Nisipopeleka hesabu jioni, kesho apewa mwengine. Mwataka nifanyeje?" Nilidhani wataanza kugombana, nikataka kuingilia, dada akanivuta kanzu. Ami hakumjibu. Aliomba chumvi. Bi mkubwa akaenda jikoni, maji ya chai yalikua yamechemka yakapoa kidogo, Ami akatia chumvi, akachana kitambaa cha pamba, akaanza kulowesha gunia ili litoke bila kuchana ngozi. Hakulivuta. Alilowesha, akangoja, akalowesha tena. Pengine dakika 20. Na huku anafanya hivyo akawa anamsemesha kijana, si kwa kumkemea tena, anamwambia babake alikua na punda saba wa kubebea mawe na boriti, na kila usiku kabla ya wao kula lazima migongo saba ipitishwe mkono, na yeye ndo alikua wa kushika taa. Kamba ya nailoni babake asingeiruhusu, ilikua kamba ya nazi, na chini ya shogi, yale makapu ya mizigo, mto wa sufi, pamba ya msufi. Alisema zaidi pale kuliko miezi yote minne. Kuhusu mwanawe hakusema kitu.

Siku ya pili wakaenda wote wawili, Ami na kijana, mpaka kliniki ya punda kule ukingoni mwa bahari, ile iliyoko Lamu toka 1987, ambapo punda anatibiwa bila malipo. Wakasafishiwa vizuri, wakapewa dawa, na wakaambiwa mgongo usiguswe na mzigo mpaka ngozi ifunge. Wiki tatu kwenda juu. Na hapo ndo kisa chetu kikawa kigumu, manake huruma ya Alhamisi ni rahisi, hesabu ya Ijumaa je? Punda ana mwenyewe, kijana amemkodi, mwenyewe anataka pesa yake ya kila siku. Kikundi chetu hakina mfuko. Kuna aliyesema tuchange, nikapiga hesabu, tungelipa siku nne. Ufumbuzi uliletwa na akina mama, wawili walikwenda kwa mwenye punda, mmoja ni jamaa yake wa mbali, wakakaa kwake wakanywa kahawa na kumweleza, si kwa kumtia aibu, na akakubali kijana afanye kazi na punda mwengine huku Kashata anapumzika. Alafu hao hao wawili, ambao kazi yao ni kushona kofia za vito, wakashona mto wa matandiko, kitambaa cha pamba na ndani sufi, wenye mfereji katikati ili uti wa mgongo usikandamizwe. Ami ndo alisimamia vipimo. Aliukataa wa kwanza.

Kwa wiki kadhaa basi Alhamisi zetu zikawa hivi: Kashata anakuja bila kitu mgongoni, Ami anakisafisha kidonda, anamwonyesha kijana, watu wanashika bakuli, wanafukuza nzi kwa pepeo, wanakata majani, na mazungumzo yanapita juu ya mgongo wa punda. Mimi niliona watu wakisema mambo wakitazama kidonda ambayo wasingeyasema wakitazamana usoni. Nadhani hata adabu yetu ina sehemu hapo, kwetu kijana kumkazia macho mtu mzima akimweleza matatizo yake ni jambo zito, na kiti cha mkabala kama cha ofisini kinatutoa jasho. Mkiwa nyote mmeinama juu ya kitu kimoja, hakuna anayemtazama mwenzake, na mdomo unafunguka.

Ami alimtaja mwanawe wiki ya tano. Alichosema ni cha uani.

Sasa uchambuzi wangu, na dada kaunsela hakubaliani nami kwa yote. Tulimleta mnyama tukidhani yeye ndo atatoa na watu ndo watapokea, manyoya, joto, upole. Na kweli wapo waliopokea, yule mama aliyekumbatia shingo aliniambia usiku ule alilala mpaka alfajiri, na dada ananiambia nisilidharau hilo, kugusa kiumbe chenye joto kunatuliza mwili, na mimi silidharau. Lakini kilichomwinua Ami kutoka ile pembe ni kwamba kulikua na kitu yeye anakijua na sisi wote hatukijui, na kuna mtu, tuseme kiumbe, anahitaji hicho kitu sasa hivi. Miezi minne tulimuuliza anajisikiaje. Hakuna Alhamisi hata moja tuliyomuuliza anajua nini. Tulimfanya mgonjwa kila wiki saa kumi kamili. Na hapo ndo nikaelewa kwa nini ile nyumba ya York ilinikaa kichwani, sungura hawakuwekwa pale wapapaswe tu, waliwekwa watunzwe.

Tulipokosea ni pengi na nayataja kwa sababu kuna vikundi vyengine pwani vinataka kuiga.

Kubwa kabisa ni kuuliza. Mimi niliuliza kikundi mbele ya kadamnasi, "jamani, tulete punda?", wote wakasema sawa, nikahesabu wamekubali. Lakini bi mkubwa ndo alikua ametoa wazo, nani pale angempinga usoni? Kuna dada mmoja aliacha kuja wiki tatu, nikadhani anaumwa, kumbe nzi na ile harufu ya kidonda vilimrudisha kwenye kitu alichopitia nyumbani akimuuguza mamake. Hakusema kwa haya. Tulimfukuza na tukiwa tunajipongeza. Sahii naongea na kila mmoja peke yake, kwa simu au njiani, na nauliza kwa namna ambayo "hapana" ni rahisi kutamka: "Alhamisi hii punda atakuako, ijayo hatakuako, ipi ingekufaa?" Yule dada anakuja zile za bila punda, na ndo maana tumezibakisha.

La pili ni punda mwenyewe. Kashata hakuombwa ruhusa na mtu na hana mdomo. Sasa hivi kabla hajaingia, Ami au kijana anampitisha mkono huko nje kuanzia masikio mpaka kwato, siku hiyo habebi kitu toka asubuhi, anakunywa maji kwanza, na akikataa kuvuka mlango havutwi. Hakuna anayesimama nyuma yake, watoto hawampandi, na masikio yakilala nyuma au mkia ukianza kupiga piga bila nzi, anatoka. Nusu saa, dakika 40 ikizidi sana. Shirika moja kubwa la Marekani la hii kazi, Pet Partners, haliruhusu mnyama azidishe saa mbili kwa siku, na wale ni wanyama wasiobeba simiti.

La tatu ni usafi, na hapa nataka kutaja pepopunda, ugonjwa wa tetanasi. Jina lenyewe linawafanya watu wadhani ni pepo au ni punda ndo anakuletea. Ni vijidudu, vinakaa kwenye udongo na vinapenda kinyesi cha wanyama kama punda na farasi, na vinaingia kwa kidonda. Uani kwetu watu walikua wanatembea miguu mitupu, na mmoja ana kidonda cha sukari mguuni! Tulishtuka tulipoligundua hilo, wiki mbili tulikua tumeshapita. Sasa mwenye jeraha anavaa viatu na anakaa kwenye mkeka wa mbali, kinyesi kinaondolewa saa ile ile, sabuni iko mlangoni, na nesi mmoja alikubali kutueleza habari ya chanjo, nusu yetu hatukumbuki ya mwisho tulichanjwa lini.

Na la nne linaniuma zaidi, ni kijana. Tulimwona kama mtu wa kuleta mnyama. Wakati Ami anamwinulia gunia mbele za watu kumi na mmoja, yule kijana alivuliwa nguo pale, na sisi wanne wenye kujiita wasaidizi hatukumfuata jioni ile kumuuliza amefikaje nyumbani. Ami ndo alimfuata. Anaamka saa kumi usiku, safari za simiti na mchanga mpaka jua linazama, ana mke na mtoto mchanga, na punda akilala yeye halali. Alikua anakijua kile kidonda. Alikua anakijua na anakifunika kila asubuhi, na alisema siku moja, akikata majani, kwamba kukifunika ndo kulikua kunamuua. Sikumwomba aseme. Siku hizi chai yake tunaitia kabla hajaitisha, na posho tumeibadilisha ikawa ya siku nzima, manake siku nzima Kashata habebi, hiyo tunachangisha kwa kila mtu anachoweza na mwenye ua ameongeza.

Kuhusu Ami msinielewe vibaya. Hajapona. Dadake anasema usiku bado anakaa barazani mpaka alfajiri. Kulikua na wiki mbili mwezi wa saba alirudi kule pembeni na punda alikuako na hakuinuka. Mwezi wa nane ndo alikubali kwenda na dada kaunsela kumwona nesi wa afya ya akili, ameanzishiwa dawa, mara ya kwanza zilimpa kizunguzungu akaziacha, akarudi akabadilishiwa. Punda hakufanya hilo, dadake ndo alifanya, kwa miezi ya kumbembeleza. Nikisikia mtu anasema punda alimponya nitampeleka kwa huyo dadake Ami aone nani hakulala.

Kidonda cha Kashata kilifunga baada ya karibu wiki saba. Manyoya yaliyoota pale ni meupe, kiraka cha kiganja juu ya kashata, na Ami ametuambia yatabaki hivyo hivyo, palipokufa ngozi rangi hairudi. Mto wa sufi umeshaombwa na wachukuzi wengine wawili, akina mama wanadai kitambaa, na mwenye turubai nzito la kuweka juu ya ua kabla ya masika aniambie, manake mvua ikianza maji hutuama chini ya mwarobaini na kwato hazitaki kusimama kwenye maji.